Siku Tisa za Ndege wa Mama

Kila asubuhi, baada ya uji wa mchele na viazi vitamu, mama mkwe wangu aliingia chumba cha kazi akipapasa ukuta. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Akifika kwenye kompyuta, aligusa pakiti ya kijani iliyokaa juu yake na kusema, "Kuwa mtiifu."

Hapa mjini Tainan kila mtu anaijua pakiti hiyo. Ni vitafunwa vya mahindi, na jina lake maana yake ni utiifu. Ukiiweka juu ya mashine, mashine haisumbui. Lakini lazima iwe ya kijani, isiliwe, na isipitwe na tarehe.

Sisi tunadarizi bendera za mahekalu. Kompyuta ndiyo inayoiongoza mashine ya kudarizi. Mfumo wake ni Linux, toleo wanaloliita tulivu. Likishatoka, programu zake hazibadilishwi ovyo. Huzibwa matundu tu. Kwa miaka miwili halikutusumbua, na mume wangu Kok-hui aliishukuru pakiti.

Mwezi wa pili Mama alianza kuishiwa pumzi. Daktari alituambia ukweli, na Mama aliujua kabla yetu. Zamani, macho yakiwa bado yanaona, alichora ndege mwenye mkia mrefu. Hiyo ndiyo ingekuwa bendera yake ya mwisho. Mpwa wake wa Taichung aliugeuza mchoro ule kuwa faili ya mishono, akatutumia.

"Nataka kumpapasa tu," Mama alisema. "Nikiuhisi mkia wake vidoleni, inatosha."

Faili ilikataa kufunguka. Programu yetu ilikuwa ya zamani. Mpwa alitumia mpya.

"Basi tuweke mpya," alisema Kok-hui.

"Muulize Dada Bi-hun kwanza," nilimwambia. Bi-hun ni jirani yetu, mlango wa pili. Anafungasha programu za mfumo huu ili watu wote wazitumie, kwa kujitolea.

"Yule wa kazi ya bure? Mwenye akili timamu hafanyi kazi ya bure. Nimesoma mtandaoni, ni mstari mmoja tu wa amri!"

Mstari ule uliituma kompyuta ikachukue programu kwenye toleo ambalo bado linajaribiwa. Kompyuta ikauliza: vifurushi mia nne vya programu vitabadilishwa na sitini vitaondolewa, niendelee? Kok-hui akabonyeza ndiyo bila kusoma. Ilipowaka tena, kioo kilikuwa cheusi chenye maandishi meupe, na kompyuta haikuitambua tena mashine ya kudarizi.

Akaigeuza ile pakiti ya kijani. "Unaona? Imepitwa na tarehe tangu Jumamosi!" Akakimbia dukani kununua nyingine. Mume wangu huyo.

Siku ya pili Mama alimuuliza Kok-hui, "Mwanangu, ndege yuko tayari?"

"Kesho, Mama."

Siku ya tano akauliza tena. "Kesho, Mama." Nilimsihi Kok-hui aende kwa Bi-hun. "Anicheke?" akanijibu. Watu husema kuuliza si ujinga. Kwa mume wangu, kuuliza kulikuwa aibu.

Siku ya tisa Mama hakuuliza. Alifariki kabla ya chakula cha mchana, viganja vikiwa wazi juu ya blanketi. Sijamsamehe Kok-hui, na anajua.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa Bi-hun mwenyewe. Alikuja asubuhi hiyo hiyo, kandambili miguuni. Alisoma kile kioo cheusi, akashusha pumzi.

"Kaka Kok-hui, ulikuwa unataka nini?"

"Programu moja tu, Dada."

"Shati lako likichanika mkono, utakata mkono wa shati la mwingine uushone pale?"

"Hautakaa. Vipimo ni vingine."

"Haya. Ulileta mkono uliokatwa kwa bega jipya. Mkono ukadai bega lake. Bega likadai kola yake. Shati zima likafumuka."

"Sasa ningefanyaje?"

"Ungechukua mchoro wa mkono mpya, yaani maandishi ambayo programu imetengenezwa kwayo. Kisha ungeukata upya kwa vipimo vya shati lako la zamani. Ndiyo kazi yangu. Tukishazikata upya programu hizo, tunaziweka kwenye ghala la pembeni. Mtu anachukua ile moja anayoihitaji, nyingine haziguswi."

"Na hii ya kudarizi, utaikata lini?"

Bi-hun alinitazama mimi, si yeye. "Imo ghalani tangu mwaka mpya. Niliifungasha mwenyewe. Ni kazi ya dakika tano."

Kok-hui akakaa chini. Hakuna aliyemwambia pole.

Bi-hun aliurudisha mfumo tulivu upya, kisha akaichukua programu ile moja ghalani. Kwenye nambari ya toleo lake palikuwa na kialama kama kiwimbi: ~

"Huu si uzi uliosahaulika?" Kok-hui aliuliza. Kazini kwetu uzi ukining'inia hukatwa.

"Usiuguse! Kiwimbi hicho kinasema: mimi ni wa muda. Toleo jipya tulivu likija, programu yake halisi itahesabiwa kuwa mpya kuliko hii, ikae mahali pake. Bila kiwimbi, ya muda itang'ang'ania kiti."

"Na pakiti?"

"Iache, haina kosa. Ila wewe soma kabla ya kubonyeza ndiyo."

Faili ilifunguka. Kok-hui alimdarizi ndege, akaitandaza bendera mbele ya picha ya Mama. Akafumba macho, akaupapasa mkia. "Yuko tayari, Mama," alisema.

Mwaka jana lilitoka toleo jipya tulivu. Kok-hui alivuka kwenda kwa Bi-hun kabla hajagusa kitu, akasoma kila mstari. Programu halisi ilikaa mahali pake, na kiwimbi kikaondoka. Mashine haikusimama hata saa moja. Siku hizi majirani humletea kompyuta zao, naye huwauliza, "Umeshamuuliza Dada Bi-hun?"

Ninamsikia nikiwa nakata nyuzi. Mashine ilimmaliza ndege yule kwa siku moja. Mama alingoja tisa.