Aliyeitwa Baba

Haya yalimpata rafiki yangu Mohamednoor, muuza nguo aliyehamia mjini Kisii kutoka Garissa. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka ili anunue nyumba kuukuu, aikarabati, awapangishe walimu. Hakuwahi kununua nyumba, na akikosea hiyo ya kwanza hangepata ya pili.

Dalali wake, Obwocha, alimpeleka Nyansiongo kuona nyumba iliyojengwa na mlowezi Mzungu. Mvua ilikuwa ikinyesha. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mabati, kwa hivyo ndani kulikuwa na giza hata mchana. Mohamednoor aligonga kuta, akakanyagakanyaga sakafu ya mbao. Ilikuwa imara, ila paa lilivuja.

"Ni paa tu, sheikh," alisema Obwocha. "Kama hii inakushinda, nunua hema."

Mohamednoor alicheka. Alikuwa ameshaamua kuichukua. Ndipo mtoto akaita kutoka chumba cha mwisho: "Baba!"

Yeye ana watoto, akaitika kwa mazoea. "Naam, nakuja."

Obwocha alimshika mkono. "Usiitikie. Humu hamna mtu. Funguo ninazo mimi."

"Lakini ananiita."

"Si wewe. Kwa Kikisii, baba ni mama. Anamwita mamake."

Mtoto aliita tena, sasa akilia. Nyuma yao, kutoka mlango wa mbele, mbao zikaanza kulia chini ya miguu mitupu iliyolowa maji. Hatua zilipita katikati yao bila kuwagusa, zikaingia chumba cha mwisho.

Mtoto akanyamaza, kama anavyonyamaza mtoto aliyebebwa.