Shangazi Hakuwa Mgonjwa

Kwa muda mrefu sikutambua kwamba mpwa wangu alikuwa akiikwepa kazi aliyoisomea. Tuliishi nyumba moja, mimi, yeye na mama yake, ambaye ni dada yangu. Kila asubuhi nilimwona akipiga pasi shati, akinywa chai huku amesimama, kisha akienda kwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma kumwandikia hesabu. Cheti chake cha uhasibu kilikuwa kabatini. Benki ndogo ya akiba ilipotangaza nafasi ya karani wa mikopo, nilimwonyesha tangazo, naye akasema ataliangalia. Nikadhani ni uvivu. Nikamwambia dada kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Dada aliendelea kukunja nguo.

Mtaani walimwita Msafiri. Miaka miwili nyuma alikuwa ameondoka ghafla kwenda kumwuguza shangazi yake aliyeishi mbali. Hivyo ndivyo dada alivyotueleza sote. Majirani walimpa pole, na fundi cherehani alitoa blanketi jipya apelekewe mgonjwa. Kijana aliporudi, walimtania kwamba ni msafiri asiye na habari hata moja ya safari. Fundi alimwuliza kama huko mvua ilinyesha. Alijibu kwamba hakuangalia.

Nilimsukuma mpaka akaomba kazi ile ya benki. Wakamwita kwenye usaili. Walimtaka aje na fomu iliyojazwa, alama za vidole, na majina ya watu wawili watakaoulizwa habari zake. Alirudi nyumbani akaiweka fomu mezani, akasema haendi.

Nilipomwuliza sababu, alimtazama mama yake. Dada aliketi.

"Ile safari haikuwapo," alisema. "Alikuwa kituo cha polisi."

Ndipo nikasikia habari yote. Wakati ule kijana alikuwa karani wa ghala katika duka la jumla. Katoni za sabuni zilipotea, na mwenye duka akamshuku yeye. Polisi walimweka ndani siku tatu. Kisha katoni zikaonekana katika ghala jingine la duka lilelile, ambako dereva alikuwa amezishusha kwa makosa. Kijana aliachiwa bila kufunguliwa mashtaka. Mwenye duka aliomba radhi kwa simu, lakini hakumrudisha kazini.

Dada alikuwa na dawa yake. Fomu iliuliza kama mwombaji amewahi kukamatwa. Alitaka mwanawe aandike kwamba hajawahi. "Funika kombe mwanaharamu apite," alisema. Nakiri kwamba nilielekea kukubaliana naye. Kijana peke yake ndiye aliyesema twende kwanza kwa jirani wa ghorofa ya chini.

Jirani huyo tunamwita Madamu. Kabla ya kustaafu alikuwa akichambua maombi ya kazi katika benki kubwa. Alitukaribisha sebuleni, akazima redio, akasikiliza bila kumkatiza kijana.

"Ulifikishwa mahakamani?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi shika hili vizuri, mwanangu. Kukamatwa ni kushukiwa. Kutiwa hatiani ni mahakama kuamua kwamba ulitenda kosa. Ni vitu viwili. Ukiulizwa kama umewahi kutiwa hatiani, jibu lako la kweli ni hapana. Lakini hawa wameuliza kama umewahi kukamatwa. Jibu ni ndiyo, kisha unaeleza."

Aliongeza kwamba sheria hazifanani kila mahali. Kuna nchi ambako mwajiri haruhusiwi kuuliza habari za kukamatwa, na mtu mwenye shaka aende ofisi ya msaada wa sheria kabla hajajibu. Alieleza pia kwa nini benki huchunguza zaidi. Zinatunza fedha za watu, kwa hiyo tuhuma za wizi, udanganyifu au kughushi huchunguzwa zaidi kuliko ugomvi wa barabarani. Aliyetiwa hatiani kwa wizi anaweza kufungiwa mlango kwa miaka mingi. Aliyekamatwa tu na kuachiwa bila mashtaka, mara nyingi bado ana nafasi.

Dada aliuliza: kama ana nafasi, kwa nini ajichongee mwenyewe?

"Kwa sababu alama za vidole zinaweza kuonyesha kwamba alikuwa kituoni," alisema Madamu. "Na fundi, ambaye ndiye mwajiri wake wa kuulizwa, akipigiwa simu atasema siku hizohizo kijana alikuwa anauguza shangazi. Benki itakuwa na hadithi mbili za mtu mmoja. Nimekataa watu wengi, dada yangu. Wengi wao kosa halikuwa kukamatwa. Kosa lilikuwa kusema uongo."

"Kwa hiyo aliyeharibu ni mimi."

"Hujaharibu bado. Simu haijapigwa."

Alimshauri kijana aombe barua kituoni, inayoonyesha kwamba aliachiwa bila mashtaka. Kazi hiyo ilihitaji subira tu. Tulitumwa dirisha hili, tukatumwa dirisha lile, tukaambiwa mwenye mhuri ametoka. Mwishowe barua ikapatikana. Mwenye duka naye aliandika maelezo mafupi.

Kwenda kwa fundi kulikuwa kugumu zaidi. Dada alilibeba blanketi, bado limo ndani ya mfuko wake wa nailoni. Cherehani nne zilikuwa zikilia. Kijana alikuwa kwenye meza yake ya pembeni, macho kwenye hesabu.

"Fundi," alisema dada, "shangazi yake hakuwa mgonjwa. Kijana alikuwa kituo cha polisi. Niliona haya."

Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja.

"Hakuwa mgonjwa hata kidogo?"

"Hata mafua."

"Na mimi kila nikimwuliza huyu shangazi anaendeleaje, ananiambia anajikongoja."

Hakuna aliyecheka. Dada alimsimulia habari ya sabuni tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi alikata uzi, akakata mwingine. Niliona kwamba kazi ya benki, na hata hii aliyokuwa nayo, zilikuwa mikononi mwake.

"Huyu ana ufunguo wa droo yangu ya fedha miaka miwili sasa," alisema hatimaye. "Wakinipigia, nitasema hilo. Safari sitaitaja, maana haikuwapo. Lakini mama, ungeniambia siku ile, ningekwenda kituoni kumdhamini." Kisha akanyoosha mkono. "Blanketi nalo lete. Baridi inakuja."

Kwenye usaili, kijana alitusimulia baadaye, walimwuliza kuhusu jibu lake. Alitaja mwaka, akaeleza alishukiwa nini na kwamba aliachiwa bila mashtaka, akawapa barua. Hakumlaumu mtu. Mmoja wao aliisoma barua mara mbili. Kisha wakageukia hesabu za riba, na huko ndiko walikomkalisha muda mrefu.

Fundi alipigiwa simu wiki iliyofuata. Mwezi haukuisha, kijana akaajiriwa kwa kipindi cha majaribio, na baadaye akathibitishwa. Sasa anapokea na kukagua maombi ya mikopo. Dada amewaeleza majirani yaliyotokea kweli, na wawili kati yao, ambao watoto wao nao waliwahi kukamatwa na kuachiwa, wamekwishawapeleka kituoni kuomba barua kama hiyo kabla ya kutafuta kazi.