Kidole Gumba cha Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ngazi aliteremsha vitu kutoka rafu ya juu: birika, kopo la sukari na pasi ya mama yake. Hakuhitaji kupanda kiti. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na tayari alikuwa amempita mama yake kwa kichwa kizima. Jina la Ngazi alipewa na baba yake, aliyekuwa mpaka rangi. Baba alipenda kuwaambia wenye nyumba kwamba yeye habebi ngazi, kwa sababu ngazi yake iko shuleni, darasa la saba. Watu walicheka, na jina likaganda kama rangi ya mafuta.

Katika nyumba yao, kila ukuta ulikuwa na rangi yake, maana baba alipaka mabaki aliyopewa kazini. Sebuleni kulikuwa na kijani cha benki na njano ya shule ya chekechea. Chumbani kwa watoto, ukuta mmoja ulikuwa wa buluu hadi katikati tu. Juu ya hapo ilibaki saruji tupu, yenye ufa uliopinda kuelekea dirishani. Baba alisema ataukwangua na kuuziba kwanza, ndipo amalizie. "Rangi haizibi ufa," alizoea kusema. "Inauficha tu, na ufa uliofichwa hauachi kutembea."

Hakumalizia. Siku moja akiwa kazini aliweka brashi chini, akamwambia mwenzake kwamba amesikia kitu kikichanika katikati ya mabega, kama kitambaa. Tajiri wake alimpeleka hospitali kwa gari. Kufikia mchana alikuwa ameshafariki. Mama aliitwa kutoka kwenye duka la dobi alikofanya kazi, akaenda huku mikono yake ikinukia nguo zilizopigwa pasi.

Madaktari walimwomba mama ruhusa ya kuuchunguza mwili, naye akakubali ingawa ndugu walinung'unika. Waligundua kwamba aota, yaani mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, ulikuwa umetanuka kwa muda mrefu bila mtu kujua, kisha ukachanika. Miezi michache baadaye mama alipigiwa simu. Hospitali ilikuwa ikifanya utafiti wa ugonjwa huo, na kwa kuwa wakati mwingine ugonjwa wenyewe hurithiwa, watoto wa marehemu walikaribishwa kupimwa.

Simu hiyo ilimkuta Ngazi katika wakati mbaya. Yeye ndiye aliyekuwa tegemeo la shule katika mchezo wa kuruka juu, na mashindano yalikuwa yamekaribia. Mwalimu wa michezo alishatangaza mbele ya wanafunzi wote kwamba safari hii lile kabati la vikombe litaacha kufugiwa buibui. Tena kuruka alifundishwa na baba. Walifanyia mazoezi uani, juu ya mpini wa ufagio uliolazwa kwenye ndoo mbili za rangi. Hata sasa, kila aliporuka, Ngazi alihisi baba yuko nyuma yake akimkumbusha kukunja mgongo.

Kulikuwa na jambo jingine la baba. Kila jioni aliporudi, kucha zimejaa rangi, aliwasimamisha binti zake wawili mlangoni kama askari wa getini, akadai vitambulisho. Ngazi alikunja kidole gumba ndani ya kiganja, akafumba vidole vingine juu yake, na ncha ya gumba ikachomoza upande wa pili wa ngumi kama kichwa cha kobe. Baba naye alitoa ngumi yake, gumba limechomoza vilevile, akasema, "Pita, wewe ni wa ukoo." Kisha ilikuwa zamu ya mdogo wake, aliyeitwa Nukta kwa ufupi wake. Nukta alikunja na kukunja, gumba likabaki ndani. Baba alimwambia kwamba yeye aliokotwa sokoni kwenye gunia la vitunguu, halafu akambeba mabegani, akawa mrefu kuliko wote. Nukta alicheka. Lakini Ngazi aliwahi kumkuta kitandani akilivuta gumba lake kwa nguvu, machozi yakimlengalenga.

Hospitalini walikaa kwenye benchi refu pamoja na watu wengine waliokuja kwa utafiti huo. Mama mmoja alikuwa akimsimulia mwenzake kwamba mwanawe alikatazwa mpira siku ileile alipopimwa. Ngazi alisikia, akayakumbuka mashindano. Kisha akaiona picha iliyobandikwa ukutani. Ilikuwa picha ya ngumi, ncha ya gumba imechomoza upande wa pili, na chini yake pameandikwa kwamba hiyo ni dalili mojawapo.

Nesi aliwaita watoto wakati mama akiendelea kujibu maswali ya karani. Aliwaeleza kwa upole kwamba wote watapimwa, ila mashine ni moja na watu ni wengi. Wenye dalili wangeingia siku hiyohiyo, na wengine wangepangiwa baada ya likizo. Alimpima Ngazi urefu, akatania kwamba akizidi kurefuka watamtafutia ngazi.

"Ngazi ni yeye mwenyewe," Nukta akasema, na nesi akacheka.

Kisha nesi akamwomba akunje kidole gumba. Ngazi alikikunja nusu tu, akaibana ncha yake chini ya kidole cha mwisho. Nesi akamuuliza kama huwa moyo unamwenda mbio ovyo, au anaumwa kifua. Wiki ileile, mazoezini, Ngazi alikuwa amekaa nyuma ya goli akisubiri moyo wake utulie. Akajibu kwamba hapana. Wakapangiwa baada ya likizo, na Ngazi akatoka akitembea upesi, kama mtu aliyeiba duka zima.

Walipofika nyumbani Nukta alichukua mto wake, akauhamishia upande wa pili wa kitanda.

"Umemkana baba," alisema.

"Nani kasema?"

"Nimekuona, dada. Umelificha gumba lake. Mimi ningekuwa nalo, ningewaonyesha hata wasioniuliza."

Ngazi alimwambia anyamaze, kwamba hajui lolote, na kwamba akishamaliza mashindano atasema mwenyewe.

"Baba naye alisema atamalizia ukuta baadaye," Nukta akasema, akamgeuzia mgongo.

Ngazi aliutazama ule ufa. Sasa ulikuwa umefika kwenye fremu ya dirisha. Akapiga moyo konde, akaenda sebuleni. Mama alikuwa akipiga pasi sare zao za shule. Ngazi hakujua aanzie wapi, basi akanyoosha mkono, akakunja gumba na kufumba ngumi.

"Mama, hili hawakuliona," alisema. "Nimelificha. Na moyo, nao nimedanganya."

Mama aliizima pasi. Aliishika ngumi ile kwa mikono miwili, akaiegemeza shavuni. Alisema kwamba alimuuliza baba yao mara nyingi kama anaumwa, naye akajibu kila mara kuwa ni uchovu tu. Halafu alilia, na Ngazi, ambaye hakuwahi kumwona mama yake akilia hata siku ya mazishi, alilia naye.

Kesho yake walirudi hospitali. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alimlaza Ngazi kitandani, akampaka kifuani dawa laini ya baridi na kupitisha kipimo. Moyo ukaonekana kwenye kioo, ukifungua na kufunga. Daktari aliutazama mshipa mara mbili, kisha akavuta kiti. Aliwaeleza kwamba aota ya Ngazi imetanuka, lakini imewahiwa. Angemeza dawa kila siku na kupimwa mara kwa mara. Asinyanyue mizigo mizito, na asiruke tena.

"Hata mara moja tu, siku ya mashindano?" Ngazi aliuliza.

"Siwezi kukuahidi kwamba ungefika upande wa pili ukiwa hai," daktari alisema.

Nukta alipimwa pia, akakutwa mzima. Daktari alisema gumba peke yake si ugonjwa. Wapo walionalo na ni wazima, na wapo wasionalo na ni wagonjwa, ndiyo maana humpima kila mtu. Kisha alimgeukia Ngazi, aliyekuwa ameshamweleza alichomficha nesi. Hakumgombeza. "Sisi tunajifunza kwa majibu ya watu," alimwambia. "Kesho kuna mtoto nisiyemjua atatibiwa kwa yale niliyojifunza kwako. Ukinidanganya mimi, unamdanganya na yeye."

Siku ya mashindano Ngazi alipewa kazi ya kurudisha mti wa kurukia kila ulipoanguka. Msichana wa shule nyingine alishinda, kwa kimo ambacho Ngazi alikuwa akikipita mazoezini. Kabati likabaki na buibui wake. Mwalimu alimwekea mkono begani.

Jumamosi mama alirudi na mfuko mdogo wa saruji na kopo la rangi ya buluu. Alipanda kiti, akaukwangua ufa na kuuziba. Saruji ilipokauka, Nukta alishika kopo, na Ngazi akapaka sehemu ya juu, taratibu, mahali ambapo wengine hawakufika. Buluu ile haikulingana na ya zamani. Mstari alipoishia baba ulionekana waziwazi. Ngazi alitaka kuufuta kwa kupaka upya ukuta mzima, lakini mama akamzuia.

"Uacheni," alisema. "Baba yenu alijua ufa wa kila nyumba mjini. Wa kifuani mwake hakuujua, kwa sababu hakuna aliyemchungulia, na maumivu aliyoyasikia aliyaita uchovu. Ukweli umekuuma, mwanangu, na utakuuma kila utakapoona wenzako wanaruka. Lakini maumivu hayo utayasikia ukiwa hai, mimi nikiwa karibu yako. Uongo ungetuuma sisi tu, wewe ukiwa hupo."

Ngazi aliitikia kwa kichwa. Kisha akachovya brashi na kuendelea kupaka, akiuacha mstari wa baba kama ulivyo.