Jino Lisilo na Mshipa

Jua lilikuwa limeinama upande wa Uganda Edah alipokata kona ya kuingia bomani kwa marehemu mumewe, mwendo wa dakika ishirini kutoka chuo cha Kibabii. Kwapani alibana gauni la kitenge alilomshonea mama mkwe wake, Nabwile, likiwa limekunjwa ndani ya gazeti. "Napeleka gauni," ndivyo alivyowaaga majirani wa kibanda chake cha kushona nguo kule Kibomet, Kitale.

Uongo mtupu. Gauni lingetumwa tu. Edah alikuwa amekuja kutabasamu mbele ya kaburi.

Mumewe aliyelala humo aliitwa Wekoye, na kama kuna mwanamume aliyewahi kupewa pumzi za bure, ni huyo. Alikuwa mkubwa wa sauti, mdogo wa kila kitu kingine. Hata meno yake mawili ya mbele ya chini yalipandana, moja limelikalia lenzake, kama walevi wanaogombea kigoda kimoja. Miaka tisa iliyopita, kwa sababu ugali umepoa, alimpiga Edah mdomoni kwa kikombe cha bati. Jino la mbele la juu likaruka. Edah alilitafuta akiwa amepiga magoti, damu ikimchuruzika hadi kwenye leso, na Wekoye akicheka. Halikuonekana. Tangu siku hiyo akamwita Pengo, na wanywaji wenzake wakafundishwa jina hilo. Pengo, lete maji. Pengo, amka.

Kisha akafa, na kifo chenyewe kikamtosha. Akitoka kunywa pombe ya busaa alianguka kifudifudi kwenye mtaro wenye maji yasiyofika vifundoni, akashindwa hata kugeuza kichwa. Siku ya mazishi Edah alifunika mdomo kwa leso mchana kutwa. Waombolezaji wakasema maskini, analia. Alikuwa anaficha pengo.

Sasa hakuwa na cha kuficha. Miezi mitano nyuma, Daktari Nyaruai wa Kitale alimdunga ganzi, akautoboa mfupa wa taya, akapenyeza skrubu nyembamba ya titani pale pale jino lilipong'oka. Miezi minne na ushei walingoja mfupa uikumbatie. Wiki hii ndipo alipofungiwa juu yake jino la kauri, la rangi moja na wenzake, hata Edah mwenyewe akawa analitafuta kwa ulimi.

"Lakini hili halina mshipa," daktari alimwonya. "La kwako lilikuwa linakuambia likiuma kitu kigumu. Hili halisikii chochote. Kwa hivyo usikatie uzi."

"Sawa, daktari."

Jioni hiyo hiyo alilikatia uzi, mara kumi na mbili, bila haja yoyote.

Kaburi lilikuwa nyuma ya jiko, karibu na migomba. Saruji yake ilishapasuka katikati. Fundi aliyeijenga alikuwa rafiki wa Wekoye, na kazi ilifanana na urafiki wenyewe. Edah aliweka gauni chini, akachuchumaa, akausogeza uso wake karibu na ufa.

"Wekoye," alinong'ona. "Tazama."

Akatabasamu. Meno yote.

"Nani ana shimo sasa? Shimo ni lako. Lala nalo."

Alikuwa ameyatunga maneno hayo kwa miezi minne, na yalitoka matamu kama alivyotarajia. Akangoja moyo utulie. Kuku waliokuwa wakigombania mahali pa kulala wakanyamaza ghafla. Majani ya migomba yakaacha kuchezacheza...

Ko.

Sauti haikupita masikioni. Ilitokea ndani kabisa ya taya, pale skrubu iliposhikana na mfupa.

Ko. Ko.

Kama kidole kinachojaribu mlango kuona kama umefungwa. Halafu ikaja harufu: busaa iliyochacha, na udongo mbichi wa chini sana, ule usiowahi kuona jua. Mchanga ukamjaa ulimini. Akatema. Mate yalikuwa safi.

Na kwenye mfupa, polepole, sauti aliyoijua:

"Pengo...?"

Ilikuwa inauliza. Ilikuwa kama kipofu anayepapasa uso.

Edah hakukumbuka alivyolinyakua gauni akafika jikoni. Nabwile alikuwa akichochea moto. Alikuwa kikongwe mkavu mwenye macho yasiyopitwa na kitu.

"Mulembe, mama," Edah alisema.

"Mulembe, mama Kevin. Mbona unahema? Kwani umekimbizwa na ng'ombe? Leta hiyo nguo nione..." Nabwile alilipokea gauni, kisha akakoma. Alikuwa ameuona mdomo. Gauni likamponyoka likaangukia majivuni, wala hakuliokota. "Hiyo jino umetoa wapi?"

"Kitale. Imepandwa."

"Imepandwa? Iko na mzizi?"

"Iko na skrubu, mama, ndani ya mfupa. Si kama zile za kutoa usiku unaweka kwa glasi."

Nabwile alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilikimbia miaka mingi.

"Ile yako ya zamani nilipata mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Ilikuwa imeingia nyuma ya kinu. Nikaweka. Siku ya kuzika nikaitia kwa mkono yake, nikafunga vidole moja moja. Mtu hawezi enda bila kitu ya bibi yake. Nilitaka atulie."

Edah aliliokota gauni, akalikung'uta majivu. "Alinivunja mdomo, halafu mkampatia zawadi? Kama mtoto ameshinda mbio za shule?"

"Si nilikuwa mama yake! Wewe ungefanya nini?"

"Ningemtilia kikombe cha bati."

Kikongwe hakucheka. "Sikiza. Yeye ako na mzizi yako huko chini. Lakini huku kwako kulikuwa wazi, hakuna kitu ya kushika. Hiyo pengo ndiyo ilikuwa inakulinda. Sasa umepanda ingine pale pale." Alishusha sauti zaidi. "Mzizi hutafuta mzizi. Rudi kwa daktari wako kesho asubuhi. Ng'oa."

"Nirudi kuwa Pengo?"

"Bora pengo."

Edah akajifunga leso. "Alinitoa jino moja akiwa hai, mama. Hatanitoa lingine akiwa ameoza."

Na hakurudi kwa daktari. Alirudi kibandani kwake Kibomet, akakaa nyuma ya cherehani.

Sauti ilikuja kila jioni, saa ya kuwasha taa. Ko. Ko. Kisha mchanga ulimini, kisha lile swali la kipumbavu. "Pengo...?" Siku tatu za kwanza Edah aliogopa hata akashona mkono wa koti nyuma mbele. Siku ya nne, hofu ikachacha ikawa dharau, na dharau alikuwa na akiba yake ya miaka tisa. Alifikiri hivi: njia ya kujia ndiyo njia ya kwendea. Kama yeye alimsikia Wekoye, basi Wekoye naye anamsikia.

Akayabana meno, akaongea kwenye mfupa.

"Bado unangoja chakula? Utangoja. Kile kimtaro, Wekoye, hata bata angekivuka. Koti lako la Krismasi nimelikata vitambaa vya kupangusia mafuta ya cherehani. Mwanao haulizi habari zako. Hakuna anayeuliza."

Waithera, jirani aliyeuza sukumawiki kibanda cha pili, alichungulia. "Mama Kevin! Ati unaongea na nani?"

"Na panya."

"Si umtegee sumu?"

"Huyu alishakufa. Hajui tu."

Waithera akacheka, akarudi kwenye mboga zake. Edah naye akacheka, na ndani ya taya kitu kikanung'unika.

Jioni ya tisa hakikubisha. Kilivuta.

Kilivuta kuelekea chini, kwa nguvu, hata kidevu chake kikagonga meza ya cherehani. Hapakuwa na maumivu, maana jino lile halikujua maumivu ni nini. Lilikuwa likivutwa tu, kama ndoo kisimani. Edah akashika meza kwa mikono miwili. Akayakaza meno kwa hasira yote aliyonayo, akauma... akauma...

Kitu kikasagika.

Pumzi ndefu ikapita kwenye mfupa. Halafu kimya.

Kimya siku ya pili. Kimya wiki nzima. Edah akawa anatabasamia wateja, kioo, hata mbuzi wa barabarani. Alikuwa amemshinda. Mwanamume aliyeshindwa na maji ya vifundoni, angeiwezaje skrubu ya titani?

Siku ya kukaguliwa, Daktari Nyaruai aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga, akaitikia kwa kichwa kwa furaha. "Mfupa umeishika skrubu vizuri kuliko nilivyotarajia. Sasa uma hapa." Alimtilia kipande cha karatasi ya buluu, ile inayoacha rangi mahali meno yanapokutana. Edah akauma. Daktari akasogeza taa, akatazama. Akamwambia aume tena. Akatazama tena.

"Unasaga meno ukilala?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Kauri imekwaruzwa sana. Lakini..." Alimpa kioo kidogo. "Ona. Rangi ya buluu imeshika nyuma ya jino, ndipo meno yako ya chini yanapogusa. Hii mikwaruzo iko mbele. Meno yako ya chini hayawezi kufika mbele."

Edah akakiinamisha kioo. Mikwaruzo miwili, mmoja umeupanda mwenzake, umeukalia, kama walevi wa kigoda kimoja.

"Ni kama mtu mwingine ameliuma," daktari alisema, akijaribu kucheka. "Akiwa amekutazama uso kwa uso." Hakufaulu kucheka. "Nikubadilishie?"

Edah akafunga mdomo, akaupangusa kwa leso taratibu.

"Liache, daktari. Aume mpaka achoke. Hilo halina mshipa."

Alifika Kibomet taa zikianza kuwashwa. Aliketi nyuma ya cherehani, akapitisha uzi tunduni, akauinua mdomoni kuukata. Kauri ilikuwa baridi, kimya, haina habari.

Ni lile jino la pembeni yake, lake mwenyewe la kuzaliwa nalo, lenye mzizi na mshipa, lililosikia. Kwanza ubaridi. Kisha kitu kama mdomo wenye mchanga, ukilipapasa pande zote, polepole, bila haraka ya mtu mwenye kazi nyingine.

Kisha likatikisika.