Daraja Lililofungwa Pande Mbili

Kila asubuhi Pudensiana wa Magamba alivuka mto na kidumu cha uji. Mama yake, aliyeumwa miguu, aliishi ng'ambo, jirani na boma la Kija, mfugaji wa Kisukuma.

Mwaka huo wakulima wa upande huu na wafugaji wa upande ule walijenga daraja jipya la miguu. Fundi Telesfori alitoka Nsemulwa kuwaelekeza.

"Lifungeni upande mmoja tu," alisema. "Mto ukijaa, maji yatalizungusha, lilale kando ya ukingo huo. Yakipungua, mnalivuta kwa kamba."

"Likilala kwao, hawa wachunga mikia watalirudisha?" Pudensiana aliuliza.

Kija akacheka. "Na likilala kwenu, nyie wala mchicha mtalifanya kuni!"

Hakuna aliyekubali kushindwa. Wakalifunga kwa minyororo pande zote mbili.

Masika yakaja. Mto ulifurika, ukabeba miti mizima, ikarundikana kwenye daraja. Daraja halikuwa na pa kwenda. Likakatika katikati.

Pudensiana alisimama ukingoni na uji wake.

"Dada!" Kija alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Mama ana homa kali!"

Zahanati ilikuwa upande huu. Hakuna aliyeweza kuvuka. Maji yalipopungua, Pudensiana alikuta kaburi bichi.

"Alikuwa anakuulizia," Kija alisema, macho chini. "Nikamwambia unakuja."

Pudensiana akainama, akasawazisha udongo wa kaburi. Mnyororo wa upande huu aliudai yeye.

Kiangazi Telesfori aliitwa tena. Alitumia mbao nyepesi zinazoelea.

"Mnyororo nifunge upande gani?" aliuliza.

"Kwao," Pudensiana alisema. Akamgeukia Kija. "Kaka, ulimzika mama yangu. Nikunyime mnyororo?"

Masika yaliyofuata, maji yaliinua daraja, yakalizungusha taratibu, likalala zima kando ya ukingo wa kina Kija. Miti ikapita zake. Mto uliposhuka, Kija alirusha upande huu kamba ya daraja yenye jiwe.

"Vuteni, nyie! Mmekula kweli leo?"

Wakavuta mpaka ncha ya daraja ikakaa kwenye mawe yake.

Wa kwanza kuvuka alikuwa mke wa Kija, mtoto mwenye homa mgongoni, akiwahi zahanati. Pudensiana akampisha, akamsindikiza kwa macho hadi akapotea njiani.

Kisha akachukua jembe lake, akavuka kwenda kupalilia kaburi.