Mistari Mgongoni mwa Warsini

Warsini alikutwa amekufa saa nane mchana, amelala kifudifudi kando ya cherehani yake, blauzi imefunguliwa mgongoni. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa komeo kwa nje.

Komeo hilo ndilo lililomfanya mpwa wake, Kinanti, awapigie polisi simu akiwa bado amevaa kebaya, blauzi ya sherehe ya kuposwa. Mama yake alimkataza. Akapiga hivyo hivyo.

Inspekta Palupi wa polisi ya Pekalongan alichuchumaa kuikagua maiti. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, fundi cherehani, mwili mzima umejaa vinundu laini alivyokuwa navyo tangu usichana. Mgongoni, katikati ya vinundu, kulikuwa na mistari myekundu iliyopangwa vizuri.

"Upepo huo, Bu," alisema Sajini Bagyo, akimwita kwa heshima kama mama. "Umemkaa kifuani. Amekwanguliwa kwa sarafu, umegoma kutoka, basi. Mjomba wangu alikwenda hivyo hivyo. Tufunge faili tukale."

"Mjomba wako naye alifungiwa kwa nje?"

Bagyo akalifungua faili tena.

Pekalongan nzima hukwanguana migongo kwa sarafu na mafuta ya joto ili kutoa upepo mwilini. Ukipiga chafya tu, geuka ukwanguliwe. Ndiyo maana hakuna aliyejisumbua kuitazama ile mistari. Palupi aliitazama. Kila ilipofikia kinundu ilipinda, ikakizunguka, ikaendelea, wala hakuna hata kimoja kilichochubuka. Na hakuna mtu anayeweza kujikwangua mgongo wake mwenyewe namna hiyo.

Bu Murtini, mama yake Kinanti na mdogo wa marehemu, alikuwa sebuleni na sinia za vitumbua vya wageni.

"Mara ya mwisho ulimwona dada yako lini?"

"Jana jioni, Bu. Leo wakwe wamekuja kumposa Kinanti. Hata maji sijanywa."

"Hukuingia chumbani kwake?"

"Sikuingia."

"Na komeo?"

"Paka, Bu. Ananya kwenye vitambaa."

"Unamfungia mtu ndani kwa sababu ya paka?"

Murtini akaanza kupanga vitumbua upya.

Kesho yake asubuhi Daktari Hutabarat alimaliza uchunguzi wa maiti.

"Hana jeraha, hana sumu," alisema. "Kifua cha kushoto kimejaa damu, lita mbili na nusu. Mshipa wa kati ya mbavu umepasuka wenyewe."

"Wenyewe vipi?"

"Vile vinundu ni ugonjwa wa neva, mtu huzaliwa nao. Hauambukizi. Mara chache sana hudhoofisha kuta za mishipa ya damu, zikawa kama karatasi iliyoloa. Alivuja damu kwa saa mbili au tatu, akikosa pumzi."

"Na kule kukwanguliwa?"

"Hakukumwua, kulimpotezea muda tu. Hospitali iko dakika kumi, Inspekta. Pengine angepona." Akamsogezea karatasi. "Mwaka jana alivuja kidogo, akalazwa. Siku ya kuruhusiwa ndugu yake aliambiwa kifua kikimbana tu, amlete mbio. Akatia saini."

Palupi alilisoma jina mara mbili.

Kituoni, aliiweka karatasi mbele ya Murtini.

"Saini ya nani?"

"Yangu."

"Nani hapa mjini anayevijua vinundu vya Warsini kiasi cha kuvikwepa vyote?"

Murtini alikitazama kidole gumba chake.

"Mimi. Mama alipokufa nilikuwa na miaka tisa, yeye ndiye aliyenilea. Miaka yote hiyo nilikuwa namkwangua mimi."

"Endelea."

"Aliniita saa nne. 'Tini, kifua, nipeleke.' Wageni walikuwa wanafika saa tano. Angebebwa mbele yao, Bu! Wangesema ugonjwa uko kwenye damu yetu, Kinanti atawazalia wajukuu wa hivyo. Nikamkwangua. Nikamwambia, 'Vumilia dada, wakiondoka tu twende.' Akasema sawa. Aliniamini."

"Ukaweka komeo."

"Niliogopa atatoka."

"Aligonga?"

"Mara mbili. Nikaongeza sauti ya redio."

Kinanti alikuwa amesimama mlangoni na Bagyo, kebaya ameikunja mkononi. Palupi hakumzuia.

"Mama, mama mkwe alimwulizia mama mkubwa."

"Kinanti, mwanangu..."

"Aliigeuza hii kebaya, akaangalia mishono. Akasema kwa sauti ya kuishinda redio, 'Hii ni kazi ya Warsini! Ndiye aliyenishonea mimi nguo ya harusi. Yuko wapi nimsalimie?' Vile vinundu anavijua, Mama. Anavijua tangu kabla sijazaliwa. Wewe ukamwambia amekwenda Surabaya. Na mimi nikanyamaza, kwa sababu uliniambia mama mkubwa mwenyewe hataki kuonekana."

Murtini akafumba macho.

"Kitanda chake kiko upande wa pili wa ukuta wa sebule," alisema Kinanti. "Kama alikuwa bado hai, alisikia anaulizwa, na alisikia jibu lako."

Palupi alitoa pingu. Murtini alikuwa ameshanyoosha mikono.