Njano Isiyogeuka Nyekundu

Bi Siti anasema alimwona kwa macho yake. Alikwenda Wambaa kumtazama mkwe wake aliyejifungua, na katika kupita nyuma ya msikiti akamkuta Ridha amekaa kwenye baraza ya watu, asubuhi, saa ambazo mwanamme mzima huwa kazini. Kajifunga shuka jeupe, kaegemea mto, kama mtu asiyetakiwa kufanya lolote. Mara sauti ya mwanamke ikatoka ndani, inamwita akanywe uji. Na vidole vyake, anasema Bi Siti, vilikuwa njano mpaka kwenye kucha. Mkono wa kanzu njano. Hata leso aliyokuwa akijifutia pua ilikuwa na njano. Mwanamme wa namna ile, anauliza Bi Siti, katika kisiwa hiki atakuwa katoka wapi kama si fungate, kwa bibi harusi aliyesingwa akakolea?

Maneno hayo hakuyasemea njiani. Aliyaleta Madungu, uani kwa Mzee Silima, akayaweka mbele ya Yumna binti Silima, mchumba wa huyo Ridha. Yumna alikuwa amekaa kwenye kibao, kinu mbele yake, anatwanga hiyo hiyo singo, unga wa kunukia wa kumsugulia bibi harusi mwilini. Kazi yake ndiyo hiyo. Maharusi wengi wa Chake Chake yeye ndiye anayewasinga kwa manjano, liwa, karafuu na mawaridi, na yeye ndiye anayewapaka hina.

"Nimekwambia kwa kuwa we' ni mwanangu," Bi Siti alimaliza. "Ungekuja kuyasikia kwa watu, ungesema Siti alijua akanyamaza."

"Ahsante, Bi Siti."

Aliendelea kutwanga mpaka liwa ikawa laini kupita inavyohitajika, na Bi Siti akaondoka bila kupata alichokuwa akikingoja, ama kilio ama tusi.

Yumna na Ridha walikuwa wamekutana mara ya kwanza sokoni Chake, siku ya kuamkia Idi, soko limejaa hata pa kukanyaga hapaonekani. Yumna alivaa baibui jeusi lenye nakshi za rangi ya damu ya mzee mikononi, mtandio wa zambarau, na kifuko cha mawaridi makavu kifuani. Wanaume wawili wakapita wamebeba grili ya dirisha juu ya vichwa, wanaomba njia. Pembe ya grili ikanasa mkono wa baibui lake.

"Usivute, bibie," alisema yule wa nyuma, ndiye Ridha. "Ukivuta litachanika, kisha nilaumiwe miye."

"Kwani usilaumiwe? Dirisha linatembea sokoni kama lina haja zake."

"Linakwenda kuolewa. Limeshatiwa dawa, limepakwa rangi. Bado hina tu."

Yumna alicheka kabla hajaamua kucheka. Akamwambia hina anayo yeye, basi alete mikono apakwe pamoja na dirisha lake. Ridha, aliyekuwa mwepesi wa ulimi hivyo, akairudisha mikono nyuma ya vyuma haraka, kama aliyeguswa na moto. Yumna aliliona hilo. Alidhani ni haya, na haya ya mwanamme ikampendeza.

Tangu hapo ikawa simu. Kila baada ya sala ya alasiri Ridha akipiga, Yumna akipokea huku anafunga mlango wa chumba kwa kisigino. Alimwita Bwana Dirisha, naye akaitwa Bibi Hina. Walitaniana juu ya uji wa Yumna wenye pilipili manga nyingi, na juu ya Ridha anayekohoa katikati ya neno tamu, mpaka Yumna akamwambia mapenzi yake yana mafua. Wakati wa posa, Ridha alikuja na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, na mikono muda wote aliiweka chini ya mapaja. Yumna alikuwa akichungulia nyuma ya pazia, na hilo pia aliliona. Akamshonea kofia ya viua, kidogo kidogo, macho yakimuuma.

Habari ya mikono hiyo ilikuwa hivi. Karakana ya Bwana Hamdan, aliyofanyia kazi Ridha tangu atoke skuli, inatengeneza mageti na grili za madirisha. Chuma Pemba hakikai, hewa ya chumvi inakila. Kwa hiyo Hamdan akinunua chuma chenye zinki juu, na kabla ya kupaka rangi kikichovywa katika tangi la dawa ya njano, dawa yenye kromu. Chuma kikitoka humo kina mng'ao wa njano kama samli, rangi ikikishika, kutu ikikaa mbali. Wateja wakiipenda njano hiyo. Mtu akija akipitisha kidole, akiiona, akiridhika. Ridha ndiye mchovyaji. Kila mwaka vidole vyake vikatoboka vidonda vidogo vya duara vilivyokataa kufunga, na pua ikawa inatoka damu.

Safari moja Hamdan alipokwenda Dar kununua vifaa, akaelezwa na wauzaji kwamba kromu ya namna ile inamla mtu ngozi, pua na kifua, na kwengineko watu wanaiacha. Akarudi na dawa nyengine isiyo na kromu ile. Ilikuwa nyeupe kama maji. Ina deko: chuma kisafishwe mafuta yote, kisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, la sivyo rangi inabanduka. Ridha alijifunza kuidekeza. Tangi la zamani likafunikwa kwa bati. Jioni ile alimpigia Yumna simu na furaha.

"Bibi Hina, karibu nitakupa mikono uipake."

"Kwani sasa ina nini?"

"Ina haya. Lakini inapona."

Ikawa inapona kweli, mpaka alipokuja Mzee Silima. Mzee alikuwa akiwajengea maharusi chumba nyuma ya nyumba yake, na alitaka kuzitazama grili zake kabla hazijapakwa rangi. Akapitisha kidole. Akakitazama kidole. Akauliza dawa iko wapi. Hamdan akamweleza yote, ya Dar na ya kifua, mzee akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Dawa isiyoonekana nitajuaje kama ipo? Hiki chumba cha binti yangu. Siwezi kukikinga kwa maji."

Hamdan akakataa kulifunua tangi. Lakini Ridha alikuwa amesimama pale, na aliyekuwa akisema ni baba wa mke wake mtarajiwa. Kumwambia mkwe kwamba dawa anayoitaka ndiyo inayomtoa mtu damu, ilikuwa sawa na kumwambia kwamba mwanamme aliyempa binti yake ni mgonjwa. Akanyamaza. Siku Hamdan alipokwenda Wete, akalivua bati, akazichovya grili zote za chumba chake cha harusi, moja baada ya moja, kavaa glavu zilizokuwa zimeshatoboka.

Zilipomaliza kukauka, kifua chake kilikuwa kimebana hata hawezi kupanda kingazi cha karakana. Akamwambia Yumna anakwenda Micheweni kufunga mageti. Akaenda Wambaa kwa shangazi yake, Bi Mwanakhamis, akajilaza barazani angoje mikono ifunge na pumzi irudi. Hapo ndipo Bi Siti alipopita.

Yumna alikaa na maneno ya Bi Siti mpaka alasiri. Simu ilipolia, aliiacha ilie kidogo.

"Uko wapi, Bwana Dirisha?"

"Micheweni, roho yangu. Kazi haijesha."

Nyuma yake, sauti ya mwanamke ikaita: Ridha, uji unapoa.

"Huyo nani?"

"Ni mwenye nyumba tuliyofikia."

Kama Ridha angesema yuko Wambaa, pengine Yumna angemuuliza mengine. "Nirejeshee kofia yangu," alisema.

"Yumna, ngoja nikwambie."

Hakungoja. Ridha akapiga tena na tena, siku ile na siku zilizofuata. Simu ikawa inatetemeka juu ya kibao karibu na kinu, na Yumna anatwanga.

Kofia ililetwa na mtu wa Wambaa aliyekuja kuuza samaki, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Kwenye ukingo, pande zote mbili, pale vidole vinapoinyanyua mtu akienda kutawadha, palikuwa na madoa ya njano. Yumna aliyatazama madoa yale akamwona yule mwanamke wa Wambaa, ngozi imesingwa ikang'aa, na Ridha anatoka kwake anachukua kofia bila kunawa. Kofia aliyoshona yeye. Akaamua kuifua ampe mtu mwengine yeyote.

Aliiloweka, akaipaka sabuni ya kipande, akasugua. Kisha akangoja iwe nyekundu, maana manjano ikikutana na sabuni hugeuka nyekundu kama tofali. Kanga zake zote zina madoa hayo. Povu likashuka. Kofia ikabaki njano. Akaongeza sabuni. Njano ile ile, safi zaidi.

Akainuka, akachota singo kinuni, akaipaka kwenye kitambaa, akatia sabuni. Hapo hapo kikaiva, kikawa chekundu. Akaviweka pamoja juani, chekundu na cha njano, akavitazama kama anayetazama watu wawili wanaosema mambo tofauti. Kisha akaiinua kofia akainusa. Hakuna liwa, hakuna karafuu. Ilinuka chuma, kama ufunguo uliokaa mkononi. Yeye anayeijua nyumba yenye bibi harusi kwa harufu, akiwa bado yuko njiani, hakwenda hata karibu na nyumba ile ya Wambaa akanusa.

Alivaa baibui akaenda karakana. Bwana Hamdan alimpa kiti, akakikataa. Akampeleka kwenye tangi, akamwonesha alama za vidole vya njano kwenye ukingo wa bati, akamweleza mwanzo mpaka mwisho. Alipofika kwenye zile grili alisita kutaja ni za nani. Yumna akamwambia amalize tu.

Nyumbani, grili zilikuwa zimeshafungwa na kupakwa rangi ya kahawia, nzuri. Mzee Silima alikuwa anavuta uradi barazani. Yumna akakaa chini mbele yake, akayasema yote bila kupandisha sauti, na mwisho akasema, "Ridha alikuona haya, baba." Mzee aliweka tasbihi, akaingia ndani, akatoka na nyundo na tindo. Mpaka magharibi grili zote zilikuwa zimeegemezwa ukutani, na madirisha yamebaki mashimo. Bi Siti akachungulia uani kuuliza kulikoni. Mzee akamwambia anabadilisha. Kesho yake alikwenda kwa Hamdan, na waliokuwapo walimsikia akisema atiliwe ile isiyoonekana.

Yumna akaenda Wambaa na shangazi wa Ridha akamkaribisha kama aliyekuwa akimngojea. Ridha alikuwa pale pale barazani, amekonda, mikono yote imefungwa bendeji. Safari hii hakuificha.

"Ndiyo hiyo uliyokuwa ukinificha?"

"Nilitaka uione ikishapona."

"Na Micheweni?"

"Ningekwambia nini, Bibi Hina? Nimseme baba yako mbele yako?"

Alizungumza kwa vipande, akisimama kupumua. Daktari alimulika pua yake, ukuta wa katikati umetoboka. Kifua kimepigwa picha, wameona kitu ambacho hawakukipenda, wametaka kipimo chengine Unguja, na bado hajaenda. Karakana, hata ya dawa nyeupe, ameambiwa asiikaribie. Yumna akamweleza habari za Bi Siti, za fungate na bibi harusi wa singo, na Ridha akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na ikabidi wangoje.

"Samahani," Yumna alisema. "Nilikuwa nakusikia kila siku na sikukusikia."

"Yameshapita." Akaufuta mdomo kwa leso. "Nisikilize. Sijui kipimo kitasema nini. Watakuja wengine kwenu, Yumna, wenye pumzi. Usikae kwa ajili yangu."

Yumna akafungua mkoba, akatoa kofia, akaiweka juu ya mkeka kati yao. Ilikuwa imepigwa pasi. Ukingoni njano ilikuwa pale pale.

"Haitoki," alisema. "Nimekuletea hivyo hivyo."

Ridha aliitazama, hakuigusa.

"Sikuja kuomba radhi tu. Chumba kiko tayari. Madirisha yako wazi, upepo unapita, utapumua vizuri. Baba karidhika. Ijumaa njoo na wazee wako tuozwe. Ukienda Unguja, nende nawe, niwe mkeo."

Pumzi ya Ridha ilisikika ikipiga mluzi mwembamba, inaingia, inatoka. Aliunyanyua mkono wenye bendeji, ukafika karibu na kofia, ukasimama hapo.

"Ridha," Yumna alisema. "Nimekuomba."

Jikoni, Bi Mwanakhamis aliacha kukoroga uji, akasikiliza naye.